Programu yangu inasema 4294967297 ni namba tasa. Imekosea wapi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimeandika programu ya kupima namba tasa. Inachukua 2, inaipandisha kwa kipeo cha N − 1, kisha inagawanya kwa N. Baki likiwa 1, inatangaza kuwa N ni tasa. Nimeingiza 4294967297, baki likaja 1, lakini mwenzangu anakataa katakata. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, ingawa programu yako haikukosea hesabu. Baki ni 1 kweli. Kosa liko kwenye hitimisho: kanuni ya Fermat, mwanahisabati Mfaransa, inasema N isiyo shufwa ikiwa tasa, baki litakuwa 1. Haisemi kwamba kila inayobakiza 1 ni tasa.

Namba hiyo ni 641 × 6700417. Tena umeangukia namba yenye historia, kwa sababu ni 2³² + 1. Fermat mwenyewe, katika karne ya 17, alichukua 2, akaipandisha kwa vipeo 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara akiongeza 1, akaona 3, 5, 17, 257 na 65537 zote ni tasa, akaamini kwamba inayofuata, yaani hii yako, nayo ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaipasua. Kigawo chake chochote kilicho tasa lazima kiwe kigawe cha 64 ukiongeza 1, kwa hiyo unajaribu 193, 257, 449, 577, na cha tano ni 641.

Sasa tazama kwa nini kipimo chako kilidanganyika. Kwa kuwa N = 2³² + 1, ukigawanya 2³² kwa N ni sawa na kubakiza −1. Zidisha −1 kwa yenyewe: 2⁶⁴ inabakiza 1. Na N − 1 ni 2³², ambayo ni kigawe cha 64, basi 2 haina budi kurudi kwenye 1. Namba zote za ukoo huu zitafaulu ukizipima kwa 2, ziwe tasa au zisiwe.

Weka 3 mahali pa 2 na namba hii inaumbuka papo hapo. Kuhamia kipimo cha Miller na Rabin, ambacho ni kipimo kikali zaidi cha namna hii, ni vizuri, ila ukibaki na 2 peke yake nacho kitadanganyika. Tumia 2, 3, 5, 7 na 11 kwa pamoja. Chini ya 2152302898747 jibu lake ni la hakika.

Uthibitisho ninaoupenda kuliko yote hauhitaji hata kugawanya: 65536² + 1² na 62264² + 20449² zote ni 4294967297. Namba tasa haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti.

Angalizo moja la kazi: lugha uliyotumia inabeba namba kubwa, ndiyo maana ulipata 1. Kwenye lugha yenye namba za biti 64, 2³² mara 2³² inafurika na kuwa 0, na kuanzia hapo kila baki litakuwa 0.