Jibu: Barua za picha na sauti, darasa la pili Ujiji na Tabora

Mwalimu, umeuliza watoto wako wa darasa la pili hapo Ujiji wawaandikieje wenzao wa Tabora, wakati kuandika bado kunawasumbua na simu ni moja tu, ya kwako. Waache wachore na wasimulie. Barua iwe picha nne zenye sauti.

Gawa vikundi vya watoto wanne, kila mmoja achore picha moja kwenye karatasi ya A4. Rangi ziwe nzito, maana penseli tupu hupotea kwenye kamera. Piga picha nje, kivulini, karatasi ikiwa chini na simu sambamba juu yake. Juani kivuli cha kichwa chako kitaangukia mchoro.

Sauti ndiyo huharibika zaidi. Rekodi kila picha peke yake, sekunde 15 hadi 20, ili mtoto akikwama urudie kipande hicho tu. Simu ikae shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, la sivyo pumzi itavuma. Na tafadhali usimwandikie cha kusoma, atakariri tu. Muulize, "Dagaa wanaanikwaje?" Atakueleza mpaka mchanga unaonata na kunguru wanaodokoa. Hapo mtoto wa Tabora atapata la kuuliza, na lake la kusimulia kuhusu mizinga ya nyuki.

Kila barua iishe kwa swali moja. Bila swali majibu hukauka. Tuma picha kama dokumenti, WhatsApp isizififishe. Ridhaa ya wazazi ichukuliwe mapema, na litajwe jina la kwanza tu.