Melamini haiondoki kwa kuchemsha

Dada, umeuliza kama kuchemsha maziwa ya kopo kunaondoa melamini. Hapana, hata uyachemshe saa nzima ni yale yale. Ile ni kemikali ya viwandani, ya kutengenezea plastiki, si kijidudu; moto wa jikoni hauifanyi kitu. Na kashfa ya China ya 2008, maziwa ya kopo ya watoto yalipokutwa na melamini, iliumiza figo: melamini inaungana na asidi ya yuriki kwenye mkojo, inaganda chengachenga kama mchanga, mwishowe mawe yanaziba njia. Watoto karibu 300,000 waliugua, 6 wakafa. Wachanga waliumia zaidi kwa sababu chakula chao chote kilikuwa kopo hilo hilo, asubuhi mpaka usiku. Tena iliwekwa makusudi: maziwa yameshaongezwa maji, kipimo cha protini kinaangalia naitrojeni, melamini imejaa naitrojeni, basi yanapita. Wizi mtupu.

Nauza kwenye duka la dawa huku Ng'ambo, Tabora, na naona wengi wanayafananisha na maziwa mabichi ya kwenye madumu. Hayo ndiyo ya kuchemsha, yachemke kwelikweli, maana vijidudu vya brusela (homa ya kutoka kwa mifugo) na vya TB ya ng'ombe vinakufa kwa moto. Ila sumukuvu, yaani sumu ya ukungu inayoingia kwenye maziwa ng'ombe akiwa amelishwa pumba zilizoota ukungu, nayo haitoki kwa kuchemsha.

Mtoto akilia anapokojoa, mkojo ukiwa na damu, au nepi ikikaa kavu muda mrefu, mpeleke hospitali, na kopo ubebe.