Maswali ya lugha: neno "charge" na mizigo yake

*Barua nne za safari hii zimeangukia neno moja la Kiingereza, kila moja kutoka kazi tofauti. Tumezijibu pamoja.*

Swali: Wodini nasikia "in charge", "free of charge", "discharge", na simu nayo inataka "charge". Hili ni neno moja, au ni maneno mengi yaliyofanana tahajia kwa bahati? (Mwanafunzi wa uuguzi, Dodoma)

Jibu: Ni neno moja. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa katika karne ya 13, na Wafaransa walilipata kutoka Kilatini cha baadaye, *carricare*, yaani kupakia mzigo kwenye mkokoteni. Mkokoteni wenyewe uliitwa *carrus*. "Car", "cargo" na "carry" ni ndugu wa ukoo huohuo.

Ukishika "mzigo", maana nyingine zinakuja zenyewe. Betri inapakiwa umeme. Mteja anabebeshwa malipo, mshukiwa anabebeshwa shtaka, na mkuu wa kituo anabebeshwa dhamana. "Discharge" ni kuushusha mzigo huo, kama Kiswahili kinavyotoka pakia kwenda pakua. Ndiyo maana mgonjwa aliyepewa ruhusa ya kwenda nyumbani ni "discharged", betri iliyokwisha nayo ni "discharged", na usaha unaotoka sikioni ni "discharge". Katika cheti cha mgonjwa usiandike neno moja la Kiswahili kwa zote tatu: andika ameruhusiwa, imeisha chaji, sikio linatoa usaha.

Kuhusu "in charge", Kiswahili cha serikalini Tanzania kina neno zuri ambalo vijana wanaliacha life: mfawidhi. Mganga mfawidhi, hakimu mfawidhi, jaji mfawidhi. Wodini watu husema "inchaji", na kwenye mazungumzo haina ubaya, ila kwenye barua rasmi tumia mfawidhi au msimamizi.

Kuna mtego hapa ambao umewahi kugeuza ripoti nzima. "The nurse is in charge of the patient" maana yake muuguzi ndiye msimamizi. "The patient is in *the* charge of the nurse" maana yake mgonjwa yuko chini ya uangalizi wa muuguzi. Kilichoongezeka ni "the" peke yake. Ukiisahau na kuandika "the patient is in charge of the nurse", umempa mgonjwa madaraka ya kusimamia zamu.

Swali: Nina kibanda cha kuchaji simu. Nimeandika nje "We charge for phones 20/=". Mteja mmoja mgeni akaniuliza kama nauza simu kwa shilingi ishirini. Nimekosea wapi? (Fundi simu, Kakamega)

Jibu: Kwenye "for", ndugu fundi. "We charge phones" ni tunachaji simu. "We charge for phones" ni tunalipisha watu kwa ajili ya simu, na mgeni wako alisoma ulichoandika. Weka hivi: "Phone charging, 20/=". Hakuna kitenzi, hakuna utata.

Na mteja akiacha simu iliyozimika, usimwambie "your phone has finished charge". Hiyo ni "simu imeisha chaji" iliyovalishwa Kiingereza neno kwa neno, na mgeni anaweza kudhani simu imekwisha kuchajiwa, akatoa pesa na kuondoka nayo ikiwa imezimika. Sema "the battery is dead" au "the battery has run out". Ikishajaa: "it's fully charged".

Kwa kuwa kazi yako ni ya kutoza, tuligusie na hilo. Anayefanya "charge" ni mtu au ofisi. Kinachofanya "cost" ni kitu. "The tailor charges 500", "the dress costs 500". Gauni halitozi mtu. Na baada ya "charge" anakuja mtu kwanza, kiasi baadaye, bila "to": "he charged me 500".

Majina ya malipo yenyewe yamegawana kazi. "Fare" ni nauli. "Fee" ni malipo ya shule au ya mtaalamu: kwenu karo, Tanzania ada. "Fine" ni faini, "rent" ni kodi ya nyumba, na "price" ni bei iliyobandikwa kwenye bidhaa. "Charge" ni malipo ya huduma, mara nyingi yale yanayoongezwa juu ya bei, kwa hiyo "delivery charge" ni gharama ya kufikishiwa mzigo. Watafsiri wa Tanzania hupenda kuiita tozo. Sisi tungeiepuka kwenye risiti ya duka: tangu tozo ya miamala ya simu ya mwaka 2021, msomaji akiona neno hilo anawaza serikali, na Kiingereza chake huko ni "levy". Tukiwacheka Waingereza kwa neno lenye maana nyingi, tukumbuke kodi yetu: mwenye nyumba anaidai, na mamlaka ya mapato nayo inaidai.

Swali: Mhariri wangu amenirudishia habari kwa sababu niliandika "ameshtakiwa" mahali ambapo Kiingereza kilisema "accused", na "ameachiwa huru" mahali pa "discharged". Tofauti iko wapi? (Mwandishi wa habari, Mwanza)

Jibu: Mhariri wako amekuokoa. "Accused of theft" katika habari ya kawaida ni anatuhumiwa wizi. Hata jirani anaweza kumtuhumu. "Charged with theft" ni ameshtakiwa rasmi kwa kosa la jinai na hati ya mashtaka ipo. Angalia na vihusishi: accused *of*, charged *with*. Kabla ya hapo mwite mtuhumiwa, baada ya hapo mshtakiwa. "Sued" ni kesi ya madai, na watu wake ni mdai na mdaiwa. Kiswahili cha mtaani husema "kamshtaki" kwa zote, lakini gazeti haliwezi.

"Discharged" ndipo wengi wanapoteleza. Upande wa mashtaka ukiiondoa kesi kabla ya utetezi kuanza, mshtakiwa kwa kawaida huwa "discharged": ameachiwa, lakini anaweza kukamatwa na kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale, pengine siku hiyohiyo mlangoni pa mahakama. "Acquitted" ndiye aliyeachiwa huru, mahakama imemwona hana hatia. Kwa wa kwanza andika "kesi imeondolewa, ameachiwa", kisha ongeza sentensi moja kwamba anaweza kushtakiwa upya. Familia yake itaisoma habari hiyo, na mwenye kumdai haki pia.

Swali: "The elephant charged." Niliwaambia wenzangu "tembo alichaji" wakacheka. Niseme "alishambulia"? (Muongoza watalii, Arusha)

Jibu: Bado haijakaa. "Attack" ni kushambulia. "Charge" ni kukujia mbio kwa kishindo, na inaweza kuishia njiani. Sema "alitujia mbio". Katika kazi yako tofauti hii ni ya uhai, kwa sababu kuna "mock charge", tembo anapotishia tu: kwa kawaida kichwa juu, masikio yametandazwa, kelele nyingi, kisha anasimama ghafla. Anayekuja kweli mara nyingi hubana masikio nyuma, hukunja mkonga ndani, na huja kimya. La kwanza liite "alitishia kutuvamia". La pili hutakuwa na muda wa kulitafsiri. Dereva awe ameshawasha gari.