Usilipie nyumba ya ufukweni Pasaka hii kabla hujauliza maji

Usitume hiyo hela, mkuu. Kama ulishafika kwenye namba ya siri, funga simu kwanza usome hapa.

Mleta mada amepata nyumba ya ufukweni Kigamboni, Dar, kwa nusu bei kwa vile ni masika na wageni hakuna. Anataka kupeleka familia kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, na dalali anataka hela yote leo. Anauliza pia msosi, boti za kisiwa cha Mbudya na pa kupeleka watoto mvua ikinyesha. Hayo madogo. Swali ambalo hujauliza ni hili: siku hizo maji yanakupwa, yaani yanarudi nyuma, saa ngapi?

Mvua haitakuua. Inanyesha, inakatika, jua linatoka, mnaanika taulo. Kinachoua ni bamvua, zile siku bahari inajaa sana na kukupwa sana. Pasaka inafuata mwezi: ni Jumapili inayokuja baada ya mwezi mpevu. Ndiyo maana Ijumaa Kuu nyingi zinaangukia kwenye bamvua au mkiani mwake. Na bamvua la Dar lina saa zake: maji yanakauka kwenye saa nne, saa tano asubuhi, yanajaa kwenye saa kumi alasiri, na tofauti kati ya kupwa na kujaa inapita mita 3.

Mimi nilikuwa sijui. Msinicheke, nimekulia Dodoma, maji ya kwetu yanakaa kwenye dumu. Nililipa yote kwa nyumba kama hiyo yako, hela niliyokuwa nimeitenga kwa ada ya muhula, kwa sababu dalali alinitumia picha: bahari ya buluu inagusa ngazi za baraza. Nikamuuliza kama mwezi wa nne patakuwa pazuri hivyo hivyo. Akanijibu, "Bosi, bahari iko palepale, itaenda wapi?"

Ilienda. Asubuhi watoto wametoka mbio na maboya yao, wakakuta tope, mawe, majani ya baharini, na maji yako kule mbali yanang'aa kidogo. Mkubwa akajitia ushujaa kuyafuata kwa miguu, akakanyaga wale wadudu wa miiba myeusi. Saa tatu nzima tukawa na sindano na limao. Alasiri maji yakarudi, na yalirudi kweli: yakameza mchanga wote yakaanza kupiga ukuta wa nyumba. Hakuna pa kutandika hata mkeka. Asubuhi hakuna bahari, jioni hakuna ufukwe! Mama watoto akakaa barazani anachambua mchele kimya, na aliyeoa anajua ukimya ule. Kesho yake hivyo hivyo, ila saa zimesogea mbele kidogo, kama dakika 50.

Nikapiga simu kuomba nirudishiwe hata siku moja. Dalali yule yule wa "itaenda wapi" akaniambia mambo ya bahari ni ya Mungu. Nusu bei ni ya Mungu pia? Zile picha alizipiga saa kumi alasiri, anajua vizuri sana alichofanya. Baadaye simu ikawa haipatikani.

Kwa hiyo kabla ya senti yoyote, chukua kalenda ya Kiislamu, zile za ukutani zinatosha. Mwezi ukiwa tarehe 1 hadi 3, au 15 hadi 17, hilo ni bamvua, kaa mbali. Tarehe 8 hadi 10, au 22 hadi 24, ni maji mafu: bahari haikimbii mbali wala haipandi ukutani, na asubuhi ya saa nne ndiyo yamejaa. Idi ya Mfungo Mosi inakuja na mwezi mwandamo, maana yake bamvua. Idi Kubwa ni tarehe 10, hiyo ndiyo ya kwenda pwani. Usipoiamini kalenda, nenda soko la samaki la Feri asubuhi uulize mvuvi yeyote. Yeye hana nyumba ya kukukodisha.

Mbudya nayo ni hivyo hivyo. Boti zinatoka Kunduchi, na kisiwa ni eneo la hifadhi ya bahari tangu 1975, kwa hiyo kuna kiingilio juu ya nauli. Nenda siku za maji mafu, mapema, kabla upepo haujakaza. Mkinyeshewa, Makumbusho ya Taifa Mtaa wa Shaaban Robert ndiko linakotunzwa fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu wa kale, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Wanangu hawakulijali, walishangaa magari ya zamani ya viongozi.

Weka hapa tarehe kamili unazotaka, nikuhesabie mwezi. Dalali akikwambia kuna mtu mwingine anaitaka, mwambie ampe huyo huyo.