Maswali Yenu kwa Fundi: Umeme Ukipungua, Intaneti Hufia Wapi?

SWALI: Shikamoo Fundi. Natafsiri nyaraka nikiwa nyumbani, na riziki yangu yote inapita kwenye intaneti. Umeme ukikatika nahamia kwenye simu. Saa ya kwanza mambo huwa shwari, lakini ikifika ya tatu hivi simu bado inaonyesha mtandao upo na hakuna ukurasa unaofunguka. Kila siku nasikia nishati duniani inazidi kuwa haba. Je, ipo siku intaneti itazimwa kabisa? Na tukipunguza kutazama video, tutakuwa tumesaidia? (Mtafsiri)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Intaneti haina swichi moja ya kuzimia. Hunyauka kama mti wakati wa kiangazi, majani kwanza, shina mwisho. Majani ni ruta yako na mnara ulio karibu nawe. Shina ni vituo vikubwa vya data, yaani majumba ya kompyuta zinazohifadhi tovuti na video, ambavyo vina jenereta na matangi ya dizeli ya kuvivusha siku nzima au zaidi.

Nimekula chumvi nyingi kwenye minara, kwa hiyo ngoja nikufungulie kabati. Mitambo ya mle hutumia umeme wa volti 48. Umeme ukiwepo na betri zikiwa zimejaa, mita husoma kama 54. Usiku mmoja umeme ulikatika na jenereta ikagoma kuwaka, nikabaki nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, tochi mdomoni, nikiitazama ile mita. Hamsini na moja. Arobaini na tisa. Inashuka polepole hadi unadhani imekwama. Ilipogusa 46, nikasikia "tak!" Kontakta, ile swichi inayojikata yenyewe betri zikishuka, imeachia; redio, yaani mitambo inayozungumza na simu zenu, zimezimika, na kila simu iliyokuwa ikitegemea mnara ule imebaki yatima. Lakini kwenye kisanduku cha juu vitaa vya kijani viliendelea kupepesa. Kile ndicho kinachopokea data za minara mingine na kuzisukuma mbele, na hupangiwa kuzimika mwisho kabisa, betri zikifika kama volti 43. Kikizimika, minara yote inayopitia hapo inapotea hewani hata kama yenyewe betri zake zimejaa.

Sasa rudi kwenye simu yako. Mtandao kuonekana upo na usifungue kitu kunaweza kuwa na maana mbili. Huenda mnara wako uko hai lakini ule unaoupokelea data umekufa. Au wote mliokuwa mkitumia faiba majumbani mmehamia kwenye simu kwa wakati mmoja, huku kampuni imezima baadhi ya masafa ili betri idumu, ikabakiza yanayotosha kupigia simu tu. Mara nyingi nimekuta yote mawili.

Hispania na Ureno zilipoingia gizani pamoja mchana wa tarehe 28 Aprili 2025, simu hazikukatika zote papo hapo. Mtandao ulidhoofika kadiri saa zilivyokwenda na betri zilivyokwisha.

Ila giza la siku moja lina nafuu yake. Mgao ndio unaoua. Betri za madini ya risasi, kama zile za gari, ambazo bado ziko kwenye minara mingi, zinahitaji kama saa 10 kujaa sawasawa. Ukizikamua, ukazirudishia umeme kidogo, ukazikamua tena, ndani yake hujengeka chumvi ngumu juu ya bamba za risasi, na betri iliyokuwa ikikaa saa 6 inakaa 2. Afrika Kusini waliliona hilo mwaka 2023, mgao ulipokuwa mkali kiasi cha watu kukosa umeme hadi saa 10 na zaidi kwa siku. Kampuni za simu zikalazimika kumwaga fedha kwenye betri mpya na jenereta, na wezi nao wakawa wanazifuata betri hizohizo. (Usiniulize nimewahi kufika asubuhi nikakuta kabati tupu mara ngapi.)

Dizeli nayo ina mwisho. Januari 2022 sehemu ya jiji la Beirut ilikosa intaneti kwa sababu kituo cha mawasiliano kiliishiwa mafuta. Mitambo ilikuwa mizima kabisa.

Kwa hiyo intaneti kuzimwa kabisa sikuogopi sana. Ninachoogopa ni foleni ya umeme na nani atawekwa mbele. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kuwa vituo vya data vilitumia terawati-saa 415 mwaka 2024, takriban asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia. Inasikika kidogo, lakini vituo hivyo hupenda kurundikana mahali pamoja. Ireland mwaka 2023 vilikula asilimia 21 ya umeme uliopita kwenye mita za nchi nzima. Na wenye navyo wana mfuko: Septemba 2024 Microsoft ilitiliana saini mkataba wa miaka 20 wa kununua umeme wa mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island huko Marekani, uliokuwa umefungwa, ili ufufuliwe. Mnara wa pembezoni wenye wateja mia mbili nani atauwekea mkataba wa namna hiyo? Shina litamwagiliwa, mwanangu. Majani ndiyo yatakayoachwa yakauke.

Na hapa pana ukaidi wangu ambao wenzangu kazini waliuchoka: muda ambao mnara unadumu gizani hupangwa na watu mezani. Baada ya umeme kuzimwa kwa makusudi mwaka 2019 kuepusha moto wa nyikani na minara kuzimika mingi, jimbo la California liliamua mwaka uliofuata kwamba mitandao ya simu kwenye maeneo ya hatari ya moto iwe na akiba ya umeme ya saa 72. Kampuni zilipinga, agizo likabaki.

Kuhusu video, tazama tu. Mnara usio na mteja hata mmoja bado unakula umeme mwingi kwa kuwa macho. Isipokuwa wakati wa giza: hapo acha video, maana msongamano mnaushiriki wote.

SWALI: Fundi, si tununue setilaiti tuachane na minara? (Mchoka Mgao)

JIBU: Sahani ya kawaida ya Starlink, ile intaneti ya setilaiti, hutumia kati ya wati 50 na 100. Ruta ya faiba kama 10. Umekimbia betri ya kampuni ukaja kulea yako, tena kubwa zaidi. Na kule data zinakoteremkia ardhini nako kunataka umeme. Kama huna mnara wala faiba, nunua. Kama unavyo, subiri.

SWALI: Ninunue inveta kwa ajili ya ruta tu? (Msomaji wa siku nyingi)

JIBU: Hapana. Inveta inapandisha volti 12 za betri hadi 230, kisha adapta ya ruta inazishusha tena hadi 12, na njia nzima unapoteza umeme kwa joto. Tafuta UPS ndogo ya ruta, yaani kisanduku cha betri ya akiba, inayotoa volti 12 moja kwa moja. Yenye betri ya ampea-saa 7 itakuvusha saa tatu hadi nne, ruta na kile kiboksi cha faiba ukutani vikiwa pamoja. Usikisahau kiboksi, wengi huwasha ruta peke yake kisha wananipigia simu kunilaumu. Kabla ya kuchomeka, soma maandishi mgongoni mwa adapta. Ziko za volti 9 na za 5, na ruta ya volti 5 ukiipa 12 utasikia harufu kabla hujaona moshi.