Mashine izalishe nini, na mkono uandike nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mwenzangu tunatengeneza programu ya kusajili mizigo ya dagaa na sangara kwa wafanyabiashara wa soko la Mwaloni, Kirumba. Tunachora modeli ya UML (lugha ya michoro ya kusanifu programu), kisha kizalishi, yaani programu inayogeuza mchoro kuwa msimbo, kinatutolea msimbo wa Java na majedwali ya hifadhidata. Kila tunapobadilisha mchoro na kuzalisha upya, marekebisho tuliyoandika kwa mkono hufutika. Mwenzangu anataka tuachane na modeli. Mimi nataka kila kitu kitoke humo. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, kilichowapotezea kazi si modeli wala mkono, bali ni kuviweka vyote viwili katika faili moja. Msimbo uliozalishwa usiguswe. Njia aliyoieleza mtaalamu wa programu John Vlissides mwaka 1996 bado inafaa: kizalishi hutoa klasi mama (kipande cha msimbo ambacho vingine hukirithi), nanyi mnaandika klasi inayoirithi katika faili lake lenyewe, ambalo kizalishi hakilifikii, hata mkizalisha upya mara kumi kwa siku. Wanaotumia EMF ya Eclipse, zana ya kuzalisha msimbo wa Java kutoka kwenye modeli, wanaweza pia kuongeza neno NOT baada ya alama ya @generated iliyo juu ya metodi (sehemu ya klasi inayofanya kazi fulani) ili metodi hiyo irukwe. Mimi huitumia kwa shingo upande, kwani baada ya miezi michache hakuna anayekumbuka ni metodi zipi zilizotengwa.

Ama kuhusu mgawanyo wa kazi, sharti la kwamba sangara asipungue sentimita 50 liandikwe katika modeli mara moja, ili fomu ya simu, hifadhidata na ripoti zilipate kwa pamoja. Bei ya dagaa walionyeshewa wakiwa bado wameanikwa, ambayo muuzaji na mnunuzi hupatana papo hapo, ni jambo jingine: mkijaribu kuichora, mtapata mchoro mgumu kusomeka kuliko mistari ishirini ya Java. Hiyo iandikeni wenyewe. Na mkijikuta mnasahihisha kosa lilelile katika klasi ya tatu, rekebisheni kiolezo cha kizalishi, yaani ruwaza kinayoifuata kuandika klasi, si klasi yenyewe. Kwa kosa la mara moja, kiolezo kitawagharimu muda zaidi ya kinachookoa.

Kabla ya kuzalisha tena, hifadhini kila kitu kwenye Git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo), kisha hamisheni marekebisho yenu moja baada ya jingine, mkianza na klasi mnayoibadilisha mara nyingi zaidi.