Usisubiri kaunti ndipo ujisajili SHA

Dada, umeuliza kama usubiri kaunti iwalipie wasio na bima au ujisajili mwenyewe SHA, yaani bima ya afya ya serikali ya Kenya. Jisajili leo. Shika kitambulisho, piga *147#, na watoto uwaongeze. Kujisajili ni bure, na matibabu ya kawaida kwenye zahanati ya serikali hayalipiwi. Shida iko kwa kulazwa: hapo wanataka mchango uwe umelipwa, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Huo ndio mzigo kaunti ingekutua, kwa hiyo mbane mhudumu wa afya wa kijiji akuambie kama jina lako limo kwenye orodha ya wasiojiweza. (Ahadi za jukwaani mimi sizihesabu.) Kule kaunti ya Makueni, kwa mpango wa kaunti yenyewe, familia ziliwahi kulipa shilingi 500 tu kwa mwaka, ila zilitibiwa kwenye hospitali za kaunti. Uliza na huo mpango wa kaunti yenu unakubalika hospitali zipi.